Maikrowevu Mbovu Mezani Pako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kisumu si kazi kupata maikrowevu mbovu. Hoteli inabadilisha vyombo, mpangaji anahama Milimani, radi inapiga mtaa mzima, na wiki hiyohiyo sanduku liko soko la Kibuye kwa muuza chuma chakavu, linapimwa kwa kilo. Vijana wanaopenda ufundi wanalinunua kwa sababu ndani mna mota, swichi, sumaku na transfoma nzito. Kisha wanakuja kibandani kwangu na maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu ninayowapa. Kama huna muda, soma la 3 na la 4 kabla hujagusa skrubu hata moja.

## Mwanzo

1. Kwa nini maikrowevu inaogopwa kuliko redio au TV?

Kwa sababu ya transfoma yake. Maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi ya gigahezi 2.45, na mawimbi hayo yanatolewa na magnetroni, mtambo uliotumika kwenye rada za Vita Vikuu vya Pili. Percy Spencer, aliyekuwa akifanya kazi Raytheon kule Marekani, ndiye aliyeona mwaka 1945 kwamba mtambo huo unaweza kupika. Shida ni kwamba magnetroni haifanyi kazi kwa volti 240 za nyumbani. Inataka karibu volti 4,000. Transfoma inapandisha stima hadi volti 2,000 na kitu, kisha kapasita (kopo linalohifadhi chaji) na daiodi (kinachopitisha stima upande mmoja tu) zinaizidisha karibu mara mbili.

TV za zamani zenye kioo kinene nazo zina volti nyingi, hata kupita hizo. Tofauti ni nguvu iliyo nyuma ya volti. Transfoma ya maikrowevu inasukuma nusu ampia bila kuchoka, ilhali ampia 0.1 ikipita kifuani inatosha kuvuruga moyo wa mtu mzima. Ukishikwa na TV, mara nyingi unarushwa. Ukishikwa na transfoma hii, mara nyingi huponi.

2. Basi nini cha kuchukua, na nini cha kuacha?

Mimi huigawa maikrowevu pande mbili. Upande wa kwanza ni vitu vidogo: mota ya sahani, feni, swichi za mlango, taa, fyuzi, vizima-joto, ubao wa vitufe na rilei zake (swichi zinazoendeshwa na stima), kengele, sahani ya kioo. Vyote hivi ukivitoa vimetoka, na utavitumia miaka.

Upande wa pili umejificha kwenye kona moja, kwa kawaida kulia nyuma ya vitufe: transfoma, kapasita, daiodi ya volti kubwa na magnetroni. Hapo pana sheria zake, na nimezieleza moja moja chini. Anayeanza leo achukue upande wa kwanza tu. Hakuna aibu. Mota moja ya sahani itakufundisha mengi kuliko transfoma usiyoweza kuiwasha kwa usalama.

3. Nikiichomoa kwenye soketi, si imeshakufa?

Hapana. Kapasita huweka chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Ni kopo la chuma bapa lenye miguu miwili juu, limeandikwa kama mikrofaradi 1 na volti 2,100. Ndani yake watengenezaji huweka rezista ya megaohm 10 ya kulitoa chaji polepole. Rezista hiyo ikiwa nzima, chaji hushuka hadi zaidi kidogo ya theluthi kwa sekunde 10, na baada ya dakika moja karibu yote imekwisha.

Lakini rezista hufa, na ikifa haitoi dalili yoyote nje. Kapasita inabaki imejaa kwa siku. Mimi yalinikuta. Niliikuta maikrowevu chini ya meza yangu ikiwa imekaa siku nne, nikaamini siku nne zinatosha. Mkono uligusa mguu mmoja wa kapasita, kiwiko kikaenda kwenye jiliwa la chuma, na bega likaniuma wiki mbili. Chaji hiyo ilikuwa jouli 4 hivi, si nyingi, lakini ilitosha kunitupa ukutani. Ningekuwa juu ya ngazi ingekuwa habari nyingine.

Kwa hiyo kila kapasita ni hai mpaka uithibitishe mwenyewe, hata kama muuzaji anaapa kwamba imekaa stoo tangu Krismasi.

4. Kapasita inatolewa chaji vipi?

Mafundi wengi huweka bisibisi kati ya miguu miwili na kusikia "ta!". Inafanya kazi, ila cheche inakula ncha ya bisibisi, inaruka machoni, na mkono unaoshtuka hugonga kitu kingine. Njia yangu ni hii.

Chomoa maikrowevu na uweke plagi mahali unapoiona, ili mtu asiirudishe kwa wema. Subiri dakika tano. Vua pete na saa. Chukua rezista kumi za kiloohm 10 zenye wati 2 kila moja, ziunge mstari mmoja, ziingize ndani ya bomba la plastiki la umeme, na utoe waya kila upande wenye kishikio kirefu cha plastiki. Rezista moja ndogo haifai, kwa sababu haikuundwa kustahimili volti elfu mbili na stima itaruka juu yake. Gusisha ncha moja kwenye mguu wa kwanza na nyingine kwenye mguu wa pili, hesabu hadi kumi. Kisha kila mguu na bodi ya chuma ya maikrowevu. Rudia. Mkono mmoja ufanye kazi, mwingine uwe mgongoni au mfukoni, ili stima ikikupata isivuke kifua.

Mwisho, unganisha miguu miwili kwa kipande cha waya na ukiache hapohapo. Kapasita iliyotolewa chaji inaweza kujirudishia kidogo ikikaa, na waya huo unaizuia.

Usianze kwa kupima kwa mita. Mita ya kawaida imeundwa kwa volti 600 au 1,000, na ukiigusisha kwenye kapasita iliyojaa inaweza kupasuka mkononi.

Mara ya kwanza fanya hivi mbele ya fundi aliyewahi kufanya. Hilo silegezi kwa mtu yeyote.

5. Nahitaji vifaa gani?

Bisibisi ya nyota, na mara nyingine ile ya skrubu zenye tundu katikati. Koleo, miwani ya plastiki, viatu vyenye soli ya mpira, na meza ya mbao kavu. Kisumu mchana mtu hutoka jasho, na ngozi iliyolowa hupitisha stima vizuri kuliko kavu, kwa hiyo jifute mikono na ufanye kazi asubuhi. Usifanye peke yako. Mwenzako ajue mahali pa kuzimia stima kabla hamjaanza.

## Vipuri, kimoja kimoja

6. Mota ndogo iliyo chini ya sahani inafaa nini?

Hiki ndicho kipuri ninachokipenda kuliko vyote. Ni kidude bapa kama kopo la rangi ya viatu, na huzunguka mara 5 kwa dakika kwenye stima yetu ya hezi 50. Kwenye lebo utaona 5/6, yaani 5 kwa hezi 50 na 6 kwa hezi 60. Kinatumia wati 3 au 4 tu.

Soma volti kwanza. Kuna za 240, na kuna za 21 au 30. Zinafanana kabisa kwa nje. Ukichomeka ya 30 kwenye stima ya nyumbani, inaungua kabla hujatoa mkono. Ile ya volti ndogo ukiitumia na transfoma ndogo inayolingana nayo, inageuza mayai kwenye kiangulio, inazungusha kinyago kwenye meza ya maonyesho, au inachanganya rangi polepole.

Raha yenyewe ni kuigeuza jenereta. Shika mhimili kwa koleo au ufunge mpini, uzungushe kwa mkono taratibu, na itatoa stima. Weka LED mbili sambamba, moja ikiwa imegeuzwa, na zitawaka kwa kupokezana. Mtoto wa darasa la sita anaelewa papo hapo stima inatoka wapi. Ile ya volti 240 inaweza kuuma vidole ukizungusha haraka, kwa hiyo funika miguu yake kwa utepe. Na usilazimishe, gia zake ni za plastiki.

7. Swichi za mlango je?

Chukua zote. Kwa kawaida ni tatu, na mara nyingi zinabeba ampia 16. Mbili hukata stima mlango ukifunguliwa. Ya tatu iko kinyume: kama zile mbili zimekwama, inapiga shoti makusudi ili fyuzi iungue kuliko mawimbi kutoka mlango ukiwa wazi. Ndiyo sababu maikrowevu nyingi zinazotupwa zina fyuzi iliyoungua tu na swichi moja iliyochoka. Kabla hujabomoa, angalia hizo. Huenda uliyonunua kwa bei ya chuma bado inaweza kupika. Ila mlango ukiwa umepinda au kioo chake kimevunjika, usiirudishe kazini hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Vizima-joto, vile vidude vya mviringo vyenye miguu miwili, pia ni vya thamani. Hukata vikipata joto lililoandikwa juu yake, na vingine hujirudisha vikipoa.

8. Feni na taa?

Feni ni ya volti 240 na haina kificho, nyaya zake ziko wazi. Ifungie kwenye sanduku kabla ya kuitumia. Taa ni wati 20 au 25, hakuna cha kusema.

9. Transfoma nayo? Kila mtu anaitaka.

Najua. Ina uzito wa kilo kadhaa na inaonekana kama utajiri. Ina koili mbili kubwa: moja ya waya mnene, inayoingiza stima ya nyumbani, na moja ya waya mwembamba wenye mizunguko mingi sana, inayotoa volti elfu mbili. Kati yake kuna mizunguko miwili mitatu ya waya wenye ngozi ya plastiki, inayotoa volti 3 na kitu za kupashia magnetroni.

Sheria yangu ni moja: transfoma yenye koili nyembamba haichomekwi kamwe nje ya sanduku lake. Hata kwa sekunde moja, hata "kuona tu kama inafanya kazi". Kuipima, tumia mita kwenye ohm ikiwa haijaunganishwa na chochote: koili nene itasoma chini ya ohm chache, koili nyembamba makumi ya ohm au zaidi, na koili nene isisome kabisa na chuma. Koili nyembamba itasoma na chuma, kwa sababu ncha yake moja imefungwa hapo makusudi. Ndiyo maana ukiwa umeshika chuma tayari umeshika upande mmoja wa volti elfu mbili.

Ukitaka kuitumia kwa kazi nyingine, koili nyembamba lazima itoke kwanza. Tazama swali la 13.

10. Ni kweli magnetroni ina sumu?

Baadhi yake. Kauri inayozunguka antena, wakati mwingine ya rangi ya waridi, inaweza kuwa na oksidi ya beriliamu. Ikiwa nzima haina neno. Ikivunjwa, ikichongwa au kusagwa, vumbi lake likiingia mapafuni linaleta ugonjwa usiopona. Huwezi kujua kwa macho ni ipi inayo, kwa hiyo zote zichukulie hivyo.

Sumaku mbili za duara zilizomo ni nzuri sana. Fungua fremu ya chuma taratibu kwa koleo, toa sumaku na mapezi ya kupoozea, na uache mrija wenyewe mzima, na kauri zake. Usigonge kwa nyundo. Sumaku hizo zinabana vidole, na kibandani kwangu zinaokota misumari sakafuni kila jioni.

Kuiwasha magnetroni nje ya sanduku ni jambo la kukataa kabisa. Mawimbi hayaonekani wala hayana harufu. Lenzi ya jicho haina damu ya kuipooza, inaiva kama ute wa yai kabla hujasikia maumivu, na haibadiliki tena kuwa wazi.

## Majaribio ambayo watu huja nayo

11. Nimeona video za kuchora mbao kwa stima, michoro kama mizizi. Ni transfoma hiihii?

Ndiyo, na naomba usifanye. Mbao hulowekwa maji yaliyotiwa baking soda, ncha mbili za transfoma huwekwa juu, na stima hujichimbia njia. Inapendeza. Imeua watu wengi nchi za nje, wakiwemo mafundi wenye uzoefu wa miaka. Chama cha wakereza mbao cha Marekani, American Association of Woodturners, kimeipiga marufuku katika shughuli zake zote.

Kinachoua ni kwamba hakuna nafasi ya kosa la pili. Mkono mmoja unashika ncha, mwingine unasogeza mbao iliyolowa, na moyo uko katikati. Glavu za mpira za jikoni hazizuii volti 2,000. Kuna seremala kutoka upande wa Kakamega aliyenijia akitaka nimtengenezee mashine hiyo, wateja wake wa meza wanaiulizia. Nilimkatalia, nikamwonyesha michoro ya kuchoma kwa chuma cha moto kilichopashwa na kifaa cha volti chache. Inachukua muda mrefu zaidi, na meza zake bado zinanunuliwa.

12. Naweza kuua dumuzi kwenye mahindi kwa magnetroni?

Swali hili hutoka kwa wakulima wa Bungoma na Trans Nzoia kila baada ya mavuno, na naelewa uchungu wake. Mawimbi huua wadudu kweli, kwa joto. Lakini gunia halipashwi sawasawa: sehemu moja itaungua, nyingine dumuzi atabaki akila, na mbegu zitakufa zisiote. Juu ya hayo utakuwa umesimama mbele ya magnetroni iliyo wazi. Mifuko isiyopitisha hewa inamnyima dumuzi pumzi bila stima wala dawa. Kausha mahindi vizuri, funga, basi.

13. Na mashine ndogo ya kuunganisha bati?

Hili ndilo jaribio pekee la transfoma ninalolikubali, kwa mtu mzima aliyekwisha jifunza wiring. Koili nyembamba inakatwa kwa msumeno pande zote mbili na kusukumwa nje, bila kugusa koili nene hata ngozi yake. Ukiikwaruza, transfoma hiyo imekuwa chuma chakavu. Nafasi iliyobaki inapitishwa kebo nene ya welding mara mbili au tatu. Kila mzunguko hutoa kama volti 1, kwa hiyo utapata volti 2 au 3 zenye mamia ya ampia. Volti hizo hazikushiki, lakini pete kidoleni ikigusa zote mbili inakuwa nyekundu.

Upande wa kuingilia bado ni volti 240. Weka fyuzi, swichi ya mguu, waya wa ardhi uliofungwa kwenye chuma cha transfoma penye rangi iliyokwanguliwa, na sanduku. Washa sekunde moja au mbili, achia. Usiitumie kwenye betri za lithiamu kwa kukadiria muda kwa mguu. Ganda likitoboka, betri inalipuka moto.

14. Mwanafunzi anataka mradi wa maonyesho ya sayansi.

Mpe mota ya swali la 6. Au afanye hili kwa maikrowevu nzima, bila kufungua chochote: atoe kizungushio, aweke bakuli tupu lililopinduliwa mahali pake na juu yake sahani iliyopakwa ute wa yai tabaka jembamba, awashe sekunde chache hadi madoa meupe yaanze kutokea, azime. Umbali kati ya madoa ni kama sentimita 6, nusu ya urefu wa wimbi. Sentimita 12 na kitu mara 2,450,000,000 ni kasi ya nuru, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Mtoto wa Nyalenda akiipima kasi ya nuru kwa yai na rula, majaji watasimama.

Sanduku bovu nalo lina somo. Likiwa halina stima, weka simu ndani, funga, uipigie. Mara nyingi italia. Mlango hupunguza mawimbi sana lakini hauyamalizi, na simu inahitaji kidogo mno.

## Mambo ya pembeni

15. Nyumba yangu ina kifaa kinachokata stima mtu akiguswa. Si kitanilinda?

Kwa upande wa volti 240, ndiyo, na kila kibanda kingekuwa nacho. Kwa upande wa volti elfu mbili, hapana. Kifaa hicho hulinganisha stima inayoingia na inayorudi. Koili ya pili ya transfoma haikuunganishwa na ya kwanza kwa waya, kwa hiyo wewe ukishikwa, yeye anaona hesabu iko sawa na anaendelea kukupa.

16. Yangu haina transfoma nzito, ina ubao tu.

Hiyo ni ya inveta, yaani ubao wa kielektroniki unaofanya kazi ya transfoma. Usidhani wepesi wake ni usalama. Volti za kwenda kwa magnetroni ni zilezile, na bamba la alumini la kupoozea ubao huwa limeunganishwa na stima. Chukua mota na swichi, ubao uache.

17. Kapasita inavuja mafuta. Na mabaki nipeleke wapi?

Vaa glavu na uifunge kwenye mfuko mzito. Za kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na PCB, sumu isiyooza. Kama imeandikwa haina PCB, afadhali, lakini bado usiichome moto. Wala usichome nyaya kutafuta shaba: moshi wa plastiki hiyo unawaingia watoto wa jirani, na transfoma nyingi za siku hizi ni za alumini. Kwaruza vanishi kidogo uone rangi.

Chuma muuzie mwenye leseni, kama inavyotaka Sheria ya Chuma Chakavu ya 2015. Magnetroni na kapasita zikusanye mpaka ziwe mzigo, kisha zipeleke kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi.

18. Hii ilifunikwa na mafuriko Ahero. Inafaa?

Swichi na mota zimeshaingia tope, sahani na sumaku zinafaa. Kapasita toa chaji kama kawaida (swali la 4), maji ya mto hayaitoi kwa hakika. Transfoma iliyolowa usiifikirie tena.

19. Mwenzangu akishikwa, nifanye nini?

Usimguse. Zima kwenye swichi kuu au chomoa. Kama huwezi, na ni volti 240, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Kama ni volti elfu mbili, mti hauaminiki. Kata stima kwanza hata kama ni kwa kung'oa waya ukutani mbali na yeye.

Akiwa hapumui, anza kumbonyeza kifua katikati, kwa nguvu, kama mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwingine apige 999, 112 au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Usiache kubonyeza mpaka msaada ufike. Akiinuka na kusema yuko sawa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo wapime moyo. Stima huunguza ndani mahali ambapo ngozi haionyeshi, na mapigo yanaweza kuvurugika saa kadhaa baadaye.